Ruhuwiko: Siku Kumi na Jeshi la Yeboyebo

Wapo wanawake wanaofungua begi la mume wakakuta risiti ya gesti. Mimi nilikuta pikipiki. Tena siyo moja, tisa! Zilikuwa bado vipande vipande, zimeshikana kwenye fremu za plastiki ya kijivu, zimelazwa chini kabisa ya begi na kufunikwa kwa mashati mawili ya kazini. Ilikuwa usiku wa kuamkia safari yetu ya Songea, basi linaondoka alfajiri, na mimi nilikuwa natafuta tu nafasi ya kuweka kanga za mama mkwe.

"Hizi nini?" nikauliza.

"Jeshi," akajibu mume wangu, huku anaangalia pembeni.

Usicheke, msomaji. Naomba nikuelezee huyu mwanaume ni wa namna gani, maana najua kuna wenzangu wengi mnaishi na wa kwenu anayekesha na playstation au anayelia Simba ikifungwa. Wangu alisoma shahada ya uzamili Nottingham, Uingereza. Wengine wakirudi kutoka Ulaya wanarudi na gari au na lafudhi. Yeye alirudi na boksi. Nottingham ndiko yaliko makao makuu ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza mchezo unaoitwa Warhammer 40,000. Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1987, na hadithi yake imewekwa mbali sana, kama miaka 38,000 kutoka sasa. Binadamu wametapakaa kwenye nyota na wanapigana na kila kinachopumua, na vingine visivyopumua.

Unavyochezwa ni hivi. Unanunua askari wa plastiki, kimo chao kama kidole gumba. Unawaunganisha kwa gundi, unawapaka rangi kwa brashi nyembamba kama kope, halafu wewe na mwenzako mnasimama kwenye meza moja, kila mtu na jeshi lake. Mnapima mwendo kwa futi ya fundi seremala na mnaamua nani amempiga nani kwa kurusha dadu. Mechi moja inaweza kula jioni nzima. Mimi nilishazoea. Boksi la kwanza nilikuwa nalijua, lile la mwaka 2020 linaloitwa Indomitus, lenye majeshi mawili ndani. Hizi pikipiki tisa ndizo nilikuwa sizijui. Na msomaji wangu, unajua tena, kwenye ndoa kinachouma siyo kitu chenyewe. Kinachouma ni kwamba kilifichwa.

Lakini saa kumi alfajiri siyo saa ya kugombana. Nikazifunika na mashati yake, nikafunga zipu.

Kilomita mia tisa na ushee

Kama hujawahi kwenda Songea kwa basi, nenda japo mara moja, tena na mtu unayempenda, maana ni safari ndefu ya kupimana. Unatoka Dar giza halijaisha. Mikumi unapunguziwa mwendo ili uwaangalie wanyama na wao wakuangalie. Unapanda Kitonga roho ikiwa mkononi. Unapita Iringa, kwetu mimi, nikachungulia dirishani kama mtu anayepita nje ya nyumba yao bila kuingia. Makambako basi linakata kushoto, na hapo ndipo dunia inabadilika. Njombe kuna ukungu, kuna baridi ya kukufanya usogeleane na jirani, kuna parachichi na viazi vimepangwa barabarani kwenye ndoo. Halafu milima inaanza kushuka taratibu, unapita Madaba, na ikifika usiku unaona taa za Songea.

Njia nzima mume wangu alikuwa kimya. Alilishika lile begi mapajani, hakutaka liwekwe kwenye buti. Nilidhani anaogopa pikipiki zake zitavunjika. Nilikuwa nakosea, lakini hilo nililijua baadaye.

Ruhuwiko iko upande wa magharibi wa mji, barabara ya kwenda Mbinga. Ukifika kwa ndege ndiyo umefika kwetu kabisa, maana uwanja wa ndege wa Songea uko hapohapo. Ni mtaa wenye harufu ya jeshi, kwa maana nzuri. Kuna sekondari ya Ruhuwiko inayomilikiwa na jeshi, na wazee wengi wa huku walivaa magwanda ujanani. Baba mkwe ni mmoja wao. Asubuhi ya Januari udongo ni mwekundu na umelowa, mahindi yamesimama mpaka karibu na madirisha, na kina mama wanapita na uyoga kwenye beseni. Masuku yalikuwa yanaishia msimu, lakini mama mkwe alituwekea sahani moja. Kama hulijui suku, ni tunda dogo la porini, kahawia kwa nje, utamu wake hauna mfano. Jioni ni ugali, maharage na dagaa wa Nyasa. Kwa kweli mahali ni pazuri, pametulia, na mtu wa Dar anaweza kulala usingizi mpaka akajishtukia.

Na kuna yeboyebo. Ndivyo watu wa Songea wanavyoziita bodaboda. Pale barabarani kuna kijiwe, Boxer na SanLG na TVS zimepangwa chini ya mti, kila moja na maneno yake kwenye kibao cha matope. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa mmoja wa vijana wa pale. Alikuwa.

Shemeji amenyamaza

Mimi ni Mhehe na hawa ni Wangoni. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835 na vizazi vyake vikafika mpaka huku, wakipigana njia nzima. Miaka ya 1870 wakakutana na sisi. Walipigana na Wahehe mpaka miaka ya mwanzo ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilipoletwa nyumba ile, shemeji alinipokea kwa utani. "Mhehe, umekuja kulipa ng'ombe wetu?" Nikipika, anauliza kama ndani kuna mbwa. Nikilala mchana, anasema nimeshindwa vita. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu kwa miaka mitano.

Safari hii nilipoingia chumbani kwake alisema, "Shikamoo shemeji, karibu." Basi. Nikajua hali siyo nzuri.

Miezi mitatu nyuma alianguka usiku kwenye barabara ya Mbinga, mvua inanyesha, hana abiria. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, na sasa alikuwa anatembea kwa magongo kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha barazani, na kutoka kwenye kiti mpaka kitandani. Ile Boxer yake iliyopinda ilikuwa nyuma ya nyumba imefunikwa na turubai. Mama mkwe alininong'oneza jikoni, "Mwanangu, hali chakula. Hata simu hashiki."

Siku ya pili asubuhi mume wangu akalibeba lile begi, akaliweka juu ya meza barazani mbele ya mdogo wake, akafungua zipu. "Nisaidie kuunganisha," akasema.

Shemeji akaziangalia zile fremu muda mrefu. Akaokota tairi moja, dogo kama kifungo cha koti. "Hii uma yake ya mbele wameikosea," akasema. "Kwa uzito huu ingepasuka Likuyufusi hapo."

Ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza.

Namna ya kuunda jeshi la mbio

Sasa nisikilize vizuri, maana sehemu hii nimejifunza kwa jasho. Katika Warhammer 40,000 majeshi ni mengi, lakini mume wangu alichagua watu wanaoitwa White Scars. Hawa ni askari wa Space Marines waliotoka sayari ya Chogoris, nchi ya nyasi na farasi, na waliowabuni waliwatazama Wamongolia wa zamani. Baba yao wa kwanza katika hadithi ni Jaghatai Khan, aliyetoweka akiwafukuza maadui. Zamani farasi, sasa pikipiki. Rangi yao nyeupe yenye michirizi myekundu, alama yao radi.

Askari wa miguu wa kawaida wa jeshi hilo anatembea inchi 6 kwa zamu. Pikipiki inakwenda inchi 12. Ukisikia hivyo unasema basi, nimeshinda! Subiri kwanza. Kila kitengo kina bei yake ya pointi, na majeshi mawili yanapewa pointi sawa. Pikipiki ni ghali, kwa hiyo utakuwa na wachache wakati mwenzako ana wengi. Ukipoteza tatu umepoteza robo ya jeshi. Halafu askari wa miguu anaweza kupita ndani ya magofu, wewe na pikipiki yako ukuta ni ukuta, lazima uzunguke. Na la mwisho, ambalo wanaume wengi hawalielewi: mechi haishindwi kwa kuua watu wengi. Inashindwa kwa kushikilia alama zilizowekwa mezani, na pointi zinahesabiwa mpaka zamu ya tano. Unaweza kubaki na watu wanne tu na ukashinda.

Tukajigawia kazi. Mume wangu alikata vipande kwa wembe na kukwangua kingo. Shemeji aliunganisha kwa gundi, na hapo ndipo nilipoona vidole vya fundi. Alikuwa anajua kila kipande kinapokaa kabla ya kuangalia karatasi ya maelekezo. Mimi nilipewa rangi. Nyeupe, msomaji, ni rangi ya mateso. Ukipaka nzito inaganda kama uji, kwa hiyo unapaka nyembamba mara tatu mara nne, kwanza kijivu kwa chini. Nikachoka. Kwenye michirizi myekundu nikaona nitumie akili, nikachukua rangi yangu ya kucha. Jamani! Baada ya dakika chache bega la askari mmoja lilikuwa limeanza kulainika kama peremende. Rangi ya kucha ina dawa inayoyeyusha plastiki ya aina ile. Yule askari tulimwita Majeruhi, na shemeji akakataa asitupwe.

Ni shemeji pia aliyesema pikipiki hizi hazina kwao. Akatuma mtoto akalete udongo wa barabarani, tukauanika, tukaupepeta, tukaumwaga kwenye vitako vyenye gundi. Basi jeshi la nyota za mbali likawa limesimama kwenye udongo mwekundu wa Ruhuwiko. Kisha akakata vipande vya karatasi vidogo kuliko ukucha, akaandika maneno kwa ncha ya kalamu na kuvibandika nyuma ya tairi. "Deni Halifungi." "Mama Kwanza." Vikosi vinne, pikipiki tatu kila kimoja, tukivihesabu na vile vitatu vya boksi la zamani. Akavipa majina: Matogoro, Chandamali, Ruvuma, na cha nne akakiita Kijiweni.

Siku ya nne tukacheza, hata rangi haijaisha. Tulitandika ubao wa plaiwudi juu ya meza ya chakula. Magofu yalikuwa vipande vya matofali, minara magunzi ya mahindi, alama tano za kushikilia zilikuwa vizibo vya soda. Mimi nikapewa jeshi la pili la boksi, Necron. Ni mifupa ya chuma, wanatembea polepole kama wazee wanaotoka msikitini, lakini wana tabia moja mbaya: ukishawaangusha, wengine wanasimama tena.

Shemeji alirusha vikosi vyote vinne mbele zamu ya kwanza. Vyote! Inchi 12 na nyongeza ya dadu juu. Ilikuwa raha kuangalia. Zamu ya pili mifupa yangu ikamfyatulia. Zamu ya tatu hakuwa na pikipiki hata moja mezani.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Hukuacha akiba," akasema, akaondoka.

Swali

Tulikuwa tunazirudisha kwenye kopo la biskuti. Shemeji akaishika moja, Majeruhi, akaigeuza. "Kaka, hii moja ni bei gani?"

Mume wangu akajifanya hajasikia.

"Si nauliza tu."

"Zote tisa, pamoja na kuzisafirisha, laki nne na ishirini."

Shemeji anajua hesabu kuliko mimi niliyesoma chuo kikuu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bila hasira, "Siku sitini."

Sikuelewa. Nikamwangalia mume wangu, nikaona uso umemshuka, ndipo nikaanza kuelewa. Ile Boxer iliyopinda nyuma ya nyumba ilikuwa ya mume wangu. Aliinunua miaka miwili nyuma na kumpa mdogo wake kwa mkataba, hesabu shilingi 7,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mpaka itimie na pikipiki iwe yake. Hilo nililijua. Nisilolijua ni pesa ilikwenda wapi. Mimi nilidhani inakwenda kwenye kiwanja chetu. Nisilolijua pia ni kwamba mwezi ule wa ajali shemeji alikuwa nyuma siku nane, na kaka mtu alikuwa anampigia simu kila jioni.

"Usiku ule nilikuwa natafuta elfu saba ya mwisho," shemeji akasema. "Nikaona nimpeleke mteja mpaka njia panda ya Peramiho. Nilikuwa narudi."

Akachukua magongo yake akaenda kulala. Ilikuwa saa moja jioni.

Chumbani kwetu tulizungumza kwa kunong'ona, maana kuta za nyumbani kwa wakwe zina masikio. Nilimwambia yote. Kwamba plastiki ile moja ni zaidi ya wiki nzima ya mdogo wake kwenye mvua. Kwamba mimi ninahesabu nauli yangu ya daladala kumbe yeye ana jeshi kwenye begi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia ungesemaje?"

"Ningesema usinunue."

"Ndiyo maana."

Wanaume bwana. Lakini baadaye sana, taa imezimwa, akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema alizinunua wiki mbili kabla ya ajali, na tangu simu ile ya usiku hakuweza kuzifungua. Hakuweza kuzitupa pia. Akaona azilete kwa mwenyewe. "Nilidhani nikikaa naye nikiunganisha nitapata namna ya kumwambia," akasema. "Akaanza yeye."

Miaka mia moja na kumi na saba

Siku mbili nyumba ilikuwa kimya. Ndugu wanakula sahani moja, macho ukutani. Siku ya sita baba mkwe akasema tuvae, twende Makumbusho ya Majimaji. Akaita bajaji, shemeji akakaa mbele na magongo yake, sisi nyuma kama dagaa.

Makumbusho yako Mahenge, hapohapo mjini. Kama mnapita Songea na mwenzio msikose. Vita vya Majimaji vilipiganwa mwaka 1905 mpaka 1907, na Wangoni waliingia wakiwa na sifa ya jeshi la mbio: vijana wa rika moja, mkuki mfupi, ngao ya ngozi, kumfikia adui kabla hajajipanga. Mbele ya bunduki za rasharasha mbio hazikutosha. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa hapa Songea na kuzikwa kaburi moja, liko pale makumbusho. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina, ana kaburi lake peke yake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kila mwaka mwishoni mwa Februari watu hukusanyika pale kuwakumbuka.

Tulisimama mbele ya kaburi. Baba mkwe, ambaye kwa siku nzima huongea sentensi tatu, akaanza taratibu. "Novemba 2023 Rais wa Wajerumani alikuja hapa. Steinmeier. Akasimama hapo, akaomba msamaha. Kutoka mwaka 1906 ni miaka mia moja na kumi na saba." Akawageukia wanawe. "Ninyi mnataka mingapi?"

Hakungoja jibu. Akaenda kumtafuta dereva wa bajaji.

Jioni ile mume wangu alimwomba mdogo wake msamaha. Sitaandika alivyosema, ni yao. Nitaandika tu kwamba alisema mbele ya baba na mama, na kwamba alitoa kadi ya ile pikipiki akaiweka mezani kwa mikono miwili. Mkataba umekwisha, hesabu imetimia. Atakapoamua kuitengeneza au kuiuza, ni mali yake. Matengenezo tutalipa sisi. Nimesema sisi kwa sababu tulikubaliana usiku, kwa sauti ya chini, na safari hii kila mtu alitaja anachopata na anakopeleka, mpaka senti. Siyo mazungumzo ya kimapenzi, wapendwa, lakini naapa nililala nimeshikwa mkono.

Shemeji hakurukaruka kwa furaha. Aliichukua kadi, akaiangalia, akasema, "Sijui kama nitapanda tena." Hakuna aliyemlazimisha ajue.

Mechi ya pili

Siku ya nane shemeji mwenyewe alitandika ule ubao. Safari hii Matogoro na Ruvuma alivificha nyuma ya matofali, hata sikuviona kwa macho ya askari wangu. Chandamali alikipeleka pembeni kabisa, kikakamata kizibo kimoja na kukaa. Mbele alimtuma Kijiweni peke yake, kikosi cha Majeruhi, wakanichokoza, wakarudi nyuma. Na mimi kwa tamaa nikawafuata. Mifupa yangu yote ikaingia katikati ya meza, inchi chache kila zamu, huku najiona nashinda.

Zamu ya nne akafungua mlango. Matogoro kulia, Ruvuma kushoto, inchi 12, wakanizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Hawakupigana hata sana. Walikwenda kukaa juu ya vizibo vyangu, nyuma huko nilikotoka, na mimi na miguu yangu ya inchi tano sikuweza kurudi. Zamu ya tano alikuwa amebakiwa na pikipiki tano, mimi askari kibao. Pointi zikahesabiwa. Nikashindwa vibaya.

Baba mkwe alikuwa ameleta kiti safari hii. Alitazama meza, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Mama mkwe akaleta ugali, na shemeji akajiongezea mara ya pili bila kuambiwa.

Tulipoondoka siku ya kumi lile begi lilikuwa jepesi. Pikipiki zote kumi na mbili zimebaki Ruhuwiko, juu ya kabati la shemeji, Majeruhi mbele. Yeye alitusindikiza mpaka barabarani kwa gongo moja badala ya mawili. Vijana wa kijiweni wakampigia honi. Nikampa mkono wa kwaheri, akaushika, akaniangalia kwa yale macho ya zamani.

"Mhehe," akasema, "babu yako na babu yangu walitoka sare. Mimi nimeshamaliza kazi."

Mkipanga kwenda

Basi la Dar–Songea ni la siku nzima. Chukueni sweta kwa ajili ya Njombe. Wenye haraka, ndege inatua Ruhuwiko penyewe. Tengeni nusu siku kwa Makumbusho ya Majimaji, na kama miguu inaruhusu pandeni vilima vya Chandamali, kuna pango linalohusishwa na Nduna Songea. Peramiho, kwenye abasia ya Wabenediktini, ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Milima ya Matogoro ndiko mto Ruvuma unakoanzia. Kwenye yeboyebo vaeni kofia ngumu, na dereva akiwaambia mvua inakuja, msimharakishe.

Na kwa anayetaka kuunda jeshi la pikipiki: anza na tatu, siyo tisa. Mwonyeshe mwenzako risiti. Acha akiba nyuma. Rangi ya kucha ibaki kwenye kucha.